Rye, Harwich au Whitby: uende bandari ndogo ipi ya Uingereza?

Ndugu akija kututembelea London, wiki ya kwanza huishia kwenye makumbusho, madaraja na maduka ya Oxford Street. Wiki ya pili, hasa akiwa mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja, swali huja lenyewe: nchi hii si kisiwa? Bahari mmeificha wapi? Wengi humpakia kwenye treni ya Brighton. Brighton haina ubaya, ila ni London iliyohamia ufukweni, na mikahawa yake na foleni zake. Anayetaka kuona mji uliojengwa na samaki, meli, vita na magendo itabidi atafute miji midogo.

Miji hiyo ipo mingi. Hapa nalinganisha mitatu ambayo watu husitasita kati yake: Rye ya East Sussex, Harwich ya Essex na Whitby ya North Yorkshire. Nasema mapema ninakoegemea, usome ukijua. Rye ndiyo rahisi kuipenda. Whitby ndiyo iliyotimia kuliko zote, lakini haimtaki mtu wa kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Harwich ndiyo ninayoipenda mimi, na ndiyo ambayo nisingempeleka mgeni bila kumuuliza kwanza anapenda nini.

Bahari ilivyoitenda

Rye imekaa juu ya kilima. Katika Zama za Kati maji yalikizunguka kilima hicho karibu pande zote, na mji ulikuwa ndani ya Cinque Ports, umoja wa bandari za kusini-mashariki zilizompa mfalme meli na mabaharia, naye akazisamehe kodi na kuziachia mahakama zake zenyewe. Mwaka 1287 dhoruba kubwa iliuhamisha mdomo wa mto Rother. New Romney ikapoteza mto, Rye ikaupata. Bahati hiyo haikudumu. Tope na changarawe viliendelea kujaa, wenye ardhi wakajenga matuta na kukausha mabwawa wapate malisho ya kondoo, na leo bahari iko kama kilomita 3 kutoka mjini. Ukisimama kwenye ngome ya Ypres Tower, pale walinzi walipokuwa wakitazamia tanga za Wafaransa, utaona kondoo. Mashua za uvuvi bado hupanda mto maji yakijaa na kufunga chini ya mji. Yakipwa, hukaa kwenye matope zikisubiri.

Harwich iko kwenye ncha ya nchi kavu, pale mito Stour na Orwell inapokutana na kuingia Bahari ya Kaskazini. Kule maji hayakwenda popote. Kilichohama ni biashara. Mwaka 1883 kampuni ya reli ilifungua gati jipya la Parkeston, kilomita chache ndani ya mto Stour, na meli za abiria zikahamia huko. Feri za kwenda Hoek van Holland hutoka hapo mpaka leo. Ng'ambo ya maji zimesimama kreni za Felixstowe, moja ya bandari kubwa kabisa za makontena Uingereza. Mji mkongwe ukabaki na vichochoro vyake, kwa sababu hakuna aliyeona faida ya kuubomoa. Kaa kwenye gati dogo la Ha'penny Pier, la mwaka 1853, lililopata jina kwa sababu kiingilio chake kilikuwa nusu peni, utazame meli iliyobeba makontena maelfu ikipita mbele ya nyumba za wavuvi. Hakuna tiketi wala mwongozaji, na ni onyesho ambalo Rye haiwezi kukupa.

Whitby nayo ina shida ya tatu. Iko kwenye mdomo wa mto Esk, kati ya majabali mawili, na bahari inaila. Jabali la mashariki humomonyoka kila msimu wa mvua. Mapema mwaka 2013 kipande kiliporomoka kutoka makaburi ya kanisa la St Mary's na mifupa ya watu ikaonekana kwenye udongo. Kanisa lipo, makaburi yapo, watalii wanapiga picha ukingoni, na jabali linaendelea na kazi yake.

Kufika

Hapa Whitby inaanza kupoteza wateja. Kutoka London unapanda treni ya kaskazini hadi York au Darlington, halafu unachagua. Njia ya reli hupitia Middlesbrough, kisha treni ndogo ya bonde la Esk inayochukua kama saa moja na nusu kufika Whitby, na treni hizo ni chache kwa siku. Ukiikosa moja, nusu ya siku imekwenda. Njia nyingine ni basi kutoka York kupitia Malton, linalopanda nyanda za juu zenye vichaka vya maua ya zambarau mwezi wa nane. Basi hilo ni la polepole na ni zuri sana. Jumla, kwa namna yoyote, si pungufu ya saa nne, na mara nyingi ni tano. Kwa hiyo ukisikia mtu anakuambia "Whitby twende Jumamosi turudi Jumamosi" ukiwa London, mwambie aende peke yake. Kwa anayeishi Leeds, Middlesbrough au Newcastle hesabu ni nyingine kabisa.

Rye ni kinyume chake. Unapanda treni ya kasi kutoka St Pancras hadi Ashford, unabadilisha kwenda Rye, na ukiunganisha vizuri safari nzima inazidi saa moja kidogo tu. Kutoka kituoni unatembea dakika chache uko mjini.

Harwich huchukua kama saa moja na nusu kutoka Liverpool Street, ukibadilisha Manningtree. Onyo moja: njia hiyo ina vituo viwili vyenye jina la Harwich. Harwich International ni cha abiria wa feri ya Uholanzi. Ukishuka hapo utajikuta kwenye uwanja wa malori. Endelea mpaka mwisho wa reli, Harwich Town.

Historia: nani ana nini

Kama unachagua kwa historia peke yake, Whitby inashinda, na haishindi kwa kidogo.

Mwaka 657 mfalme Oswiu wa Northumbria alianzisha hapo monasteri ya wanaume na wanawake pamoja, na aliyeiongoza alikuwa mwanamke, Hild. Mwaka 664 ukaitishwa mkutano ndani yake kuamua Pasaka iangukie lini. Mfalme alifuata hesabu ya watawa wa Kiayalandi. Malkia Eanflæd alifuata hesabu ya Roma. Ikawa katika nyumba moja mume anasherehekea sikukuu na mke bado amefunga. Msomaji aliyekulia katika mabishano ya mwezi umeandama au haujaandama atauelewa mkutano ule kuliko Mwingereza wa leo. Mfalme alisikiliza pande zote mbili, akauliza ni nani aliyepewa funguo za mbinguni, akajibiwa Petro, akaamua kufuata Roma asije akafika mlangoni akakosa wa kumfungulia. Kanisa la Uingereza likageuka uelekeo kwa hoja hiyo.

Monasteri ileile ndiyo iliyomtoa Cædmon, mchunga mifugo aliyekuwa akiinuka na kuondoka karamuni kila kinubi kilipokaribia zamu yake, kwa sababu hakujua kuimba. Usiku mmoja akaota anaamriwa aimbe, akaamka na shairi. Ndiye mshairi wa kwanza wa Kiingereza ambaye jina lake linajulikana. Magofu unayoyaona leo juu ya jabali si ya enzi hiyo; mengi ni ya karne ya 13, yaliyoachwa bila paa baada ya Henry VIII kuifunga monasteri mwaka 1539, na kupigwa mizinga na meli za Kijerumani tarehe 16 Desemba 1914.

Kisha kuna Cook. James Cook alifika Whitby mwaka 1746 akiwa kijana, akawa mwanafunzi wa ubaharia kwa John Walker, tajiri wa meli wa dhehebu la Quaker, na nyumba ya Walker katika kichochoro cha Grape Lane sasa ni makumbusho yake. Alijifunza kazi kwenye meli za makaa ya mawe kati ya Newcastle na London. Meli hizo zilikuwa na tumbo bapa ili ziweze kukalishwa kwenye mchanga maji yakipwa. Serikali ilipomtuma Pasifiki mwaka 1768 alipewa meli ya aina hiyohiyo, iliyoundwa Whitby mwaka 1764 kubebea makaa, ikapewa jina jipya: Endeavour. Tumbo bapa lile ndilo lililomwezesha kuipandisha ufukweni na kuikarabati ilipopasuliwa na matumbawe ya Australia mwaka 1770. Sanamu yake imesimama jabali la magharibi, ikitazama baharini. Wenyeji wa Hawaii, walikomuua mwaka 1779, na wa Australia wana simulizi nyingine juu ya safari hizo, na si haki kuisoma makumbusho bila kulikumbuka hilo.

Nyangumi nao wamo. Meli za Whitby zilikwenda Greenland kuwawinda kuanzia mwaka 1753 hadi 1837, na mji ukaweka tao la mifupa ya taya juu ya jabali. La sasa lilitoka Alaska. Halafu jeti, kito cheusi kinachookotwa kwenye majabali haya, ambacho si jiwe bali ni mti wa kale uliozama na kukandamizwa kwa mamilioni ya miaka. Mume wa malkia Victoria alipofariki mwaka 1861, malkia akavaa nyeusi na vito vya jeti, na wanawake wa Uingereza nzima wakamfuata. Karakana za Whitby zikatajirika kwa msiba wa mtu mmoja. Bado utapata mafundi wanaoichonga. Ukitaka kununua, nunua kwa anayekuonyesha karakana yake, maana vioo vyeusi vipo.

Dracula, riwaya ya mnyonya damu, nimeiacha mwisho makusudi. Bram Stoker alikaa Whitby kwa likizo mwaka 1890, na sehemu ya riwaya yake ya mwaka 1897 imewekwa hapo. Mara mbili kwa mwaka mji hujaa watu waliovaa nguo nyeusi za karne ya 19 na rangi nyeupe usoni. Ni watu wapole sana. Ila bei za vyumba hupanda, na mtu mwenye mtoto anayeogopa majini achague wikiendi nyingine.

Historia ya Harwich ni ya kazi. Haina mfalme aliyeamua jambo la dunia. Ina nyumba ya Christopher Jones, nahodha wa Mayflower, kwenye mtaa wa King's Head. Meli iliyowapeleka Amerika wale mahujaji wa mwaka 1620 ilikuwa imeandikwa kuwa ya Harwich. Ina kreni ya mbao ya mwaka 1667, iliyotoka kwenye karakana ya jeshi la wanamaji na sasa imesimama uwanjani karibu na ufukwe. Chungulia ndani: injini yake ni magurudumu mawili makubwa, na nguvu yake ni miguu ya wanaume waliotembea ndani ya magurudumu hayo. Kibao kinaeleza mengi, lakini ukiyaona magurudumu yenyewe hutahitaji maelezo.

Na ina minara ya taa, ambayo ndiyo hadithi ninayoipenda kuliko zote za mji huo. Mwaka 1818 ilijengwa minara miwili, mrefu na mfupi. Nahodha akiingia usiku alitakiwa kuipanga taa moja juu ya nyingine. Zikilingana, yuko kwenye mkondo wenye kina. Mpango mzuri kabisa, isipokuwa mchanga chini ya maji haukusoma ramani. Mkondo ukahama, minara ikabaki, na mtu aliyezifuata taa zile kwa utii angeweza kupanda kwenye fungu. Mwaka 1863 ikabidi wajenge mingine miwili ya chuma huko Dovercourt, juu ya miguu iliyosimama ndani ya maji, na nayo imestaafu tangu 1917. Jozi zote mbili bado zipo, na unaweza kutembea kutoka moja hadi nyingine kwa kufuata ufukwe. Mnara mfupi wa 1818 ni makumbusho ya bahari.

Tarehe 2 Desemba 1938 meli kutoka Hoek van Holland ilifika Parkeston ikiwa na watoto wa Kiyahudi kama 200 waliokuwa wakiwakimbia Wanazi, bila wazazi. Walikuwa wa kwanza. Mpaka vita vilipoanza Septemba 1939 watoto karibu 10,000 walikuwa wameletwa Uingereza kutoka Ujerumani, Austria, Czechoslovakia na Poland, wengi wao kupitia bandari hii. Waliokuwa hawajapata familia ya kuwapokea waliwekwa kwenye kambi ya likizo ya Dovercourt, vibanda vilivyojengwa kwa ajili ya majira ya joto, katika baridi kali ya Desemba. Wengi hawakuwaona wazazi wao tena. Tangu mwaka 2022 gatini pa Harwich pana sanamu ya shaba: watoto watano wakishuka daraja la meli, kila mmoja na uso wake. Watu huketi karibu nayo wakila chipsi, na sioni ubaya. Watoto wale nao walishuka wakiwa na njaa.

Rye ina historia ya kusimuliwa kwa sauti ya chini, na ndiyo maana watu huipenda. Wafaransa waliuchoma mji mwaka 1377 na kuondoka na kengele za kanisa. Mwaka uliofuata wanaume wa Rye na jirani zao wa Winchelsea wakavuka mlango wa bahari na kuzirudisha. Karne ya 18 ikawa ya magendo. Sufu ilitoka usiku, chai na brandi zikaingia, na genge la Hawkhurst lilikuwa likinywa katika hoteli ya Mermaid, na husimuliwa kuwa waliweka bastola mezani bila hofu ya hakimu. Hoteli hiyo, iliyojengwa upya mwaka 1420 juu ya maghala ya zamani zaidi, bado inalaza wageni.

Kisa cha James Lamb, meya, kinatosha kukupeleka Rye. Januari 1726 dhoruba ilimtupa mfalme George I kwenye mchanga wa Camber, akakosa pa kulala, akapelekwa nyumbani kwa meya. Usiku uleule mke wa meya akajifungua. Mtoto akaitwa George, na mfalme akawa baba yake wa ubatizo. Miaka ikapita. Mwaka 1743 muuza nyama aitwaye John Breads, aliyewahi kutozwa faini na Lamb kwa kupunja mizani, alimvizia meya usiku makaburini. Aliyepita ni shemeji wa meya, Allen Grebell, amejifunika joho la Lamb. Breads akamuua asiye wake. Akanyongwa, mwili wake ukaning'inizwa ndani ya kizimba cha chuma, na kizimba hicho, na fuvu lake, vingali katika jumba la baraza la mji. Nyumba ya Lamb baadaye ilikaliwa na mwandishi Henry James, na leo iko chini ya National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale.

Bahari ikikasirika

Miji ya bandari hupimwa pia kwa wafu wake. Februari 1861 mashua ya uokoaji ya Whitby ilitoka mara kadhaa katika siku moja ya dhoruba, ikapinduka, wakafa 12 kati ya 13. Aliyebaki, Henry Freeman, ndiye pekee aliyekuwa amevaa boya jipya la gome la mti. Baada yake hakuna aliyehitaji kushawishiwa kulivaa.

Oktoba 1914 meli ya hospitali Rohilla ilipanda mwamba karibu kabisa na Whitby, watu wakiwa ufukweni wanawaona waliomo na hawawezi kuwafikia. Uokoaji ulichukua zaidi ya saa 50. Watu kama 85 walikufa. 50 wa mwisho walitolewa na mashua yenye injini iliyotoka Tynemouth, na tangu hapo hoja ya kupiga makasia ikadhoofika. Miongoni mwa waliookoka alikuwa Mary Roberts, muuguzi, aliyekuwa ameokoka pia kwenye Titanic miaka miwili kabla. Rohilla ilikuwa mali ya British India Steam Navigation, kampuni ileile ya William Mackinnon iliyoanza kuleta barua Unguja kwa stima mwaka 1872. Wazee wetu waliosafiri kwa meli za "BI" kati ya Mombasa na Bombay walipanda dada zake.

Kijiji cha Rye Harbour kina kidonda chake. Tarehe 15 Novemba 1928 mashua ya uokoaji Mary Stanford ilitoka asubuhi kuisaidia meli ya Latvia. Ujumbe ukaja kwamba watu wa meli hiyo wameshaokolewa. Fataki za kuwaita warudi zikarushwa, na dhoruba ikazificha. Walizama wote 17, karibu nguvukazi yote ya wanaume wa kijiji. Banda la mashua ile bado limesimama peke yake kwenye changarawe, na unaweza kulifikia kwa miguu kupitia hifadhi ya ndege. Njia hiyo ni bapa, na ni mwendo bora kuliko wote niliotaja hapa.

Tumbo

Whitby inasifiwa kwa samaki na chipsi, na sifa ni za haki. Lakini Muislamu asikilize: Yorkshire wana desturi ya kukaanga kwa mafuta ya ng'ombe, na ng'ombe huyo si lazima awe wa halali. Uliza kabla ya kuagiza. Baadhi ya maduka hutumia mafuta ya mimea, na hawakasiriki kuulizwa. Uliza pia kama unga umekorogwa kwa bia. Kitu ambacho hakina maswali ni heringi wa moshi: samaki hupasuliwa, hutiwa chumvi na kutundikwa juu ya moshi wa mti wa mwaloni. Duka la Fortune's, karibu na mwanzo wa ngazi za kanisa, linafanya hivyo tangu 1872. Nunua, funga vizuri sana, na usiwafungue kwenye treni kama unawapenda abiria wenzako.

Rye ni skalopu, jamii ya chaza wa kwenye ghuba yake, mwezi wa pili hasa. Mikahawa yake ni mizuri na inalipisha hivyo. Harwich usiende kwa chakula. Utakula, utashiba, yaishe.

Miguu, watoto na mvua

Whitby ina ngazi zenye vipandio 199 hadi kanisani na kwenye magofu. Zamani majeneza yalipandishwa hapo mabegani. Mzee mwenye magoti mabovu asilazimishwe. Kuna barabara na maegesho upande wa juu. Rye ina mawe ya mviringo mtaa wa Mermaid, mabaya kwa kigari cha mtoto na mabaya zaidi kwa viatu vya kisigino. Kanisa lake lina saa ya karne ya 16 ambayo pendulamu yake inaning'inia ndani ya kanisa, na juu nje wamo vijana wawili wa dhahabu wanaogonga robo saa lakini hawagongi saa kamili. Watoto hulisubiri hilo kwa hamu na kuondoka wamekasirika kidogo.

Harwich ni tambarare. Kwa mtoto anayependa meli, kreni na mizinga, haina mpinzani: ngome ya mviringo ya Redoubt, iliyojengwa kati ya 1808 na 1810 kumngoja Napoleon ambaye hakuja, ina handaki kavu la kukimbilia na mizinga ya kupandia. Kwa kijana anayetaka maduka na picha nzuri, atachoka saa ya pili.

Mvua ikinyesha, Rye na Whitby zina maduka na vyumba vya chai vya kujificha. Harwich ina Electric Palace, sinema ya mwaka 1911 iliyofungwa mwaka 1956, ikafunguliwa tena 1981, na bado inaonyesha filamu. Whitby uweke koti hata mwezi wa saba, kwani ukungu wa baharini huingia mchana wa jua na kuufunika mji ndani ya dakika chache.

Anayetaka kuogelea aende Camber, jirani ya Rye: mchanga mpana kweli, ila maji hujaa haraka na kumzunguka aliyetembea mbali. Mtu wa pwani anajua maji, lakini hajui maji haya. Soma jedwali la kupwa na kujaa.

Basi uende wapi?

Mgeni wa siku moja kutoka London, hasa mama aliyekuja kumwona mjukuu: Rye, siku ya kazi, maana Jumamosi mitaa hujaa. Wanandoa, au yeyote mwenye usiku mbili na hamu ya kusoma: Whitby, na lala mjini kabisa, siyo kwenye kambi za magari-nyumba nje. Weka nafasi mapema; nyumba nyingi ni za likizo, kiasi kwamba mwaka 2022 wakazi waliojitokeza kupiga kura walitaka, kwa asilimia 93, nyumba mpya ziwe za watu wanaokaa hapo hasa.

Harwich ni ya aliyewahi kufanya kazi bandarini, aliyelelewa na baharia, au anayependa kujua kitu kinafanyaje kazi. Makumbusho yake mengi yanaendeshwa na wazee wanaojitolea, hufunguliwa zaidi miezi ya joto na si kila siku, kwa hiyo hakiki saa zao kabla ya kukata tiketi. Ukiweza kuchagua, chagua siku ya Mei anapoapishwa meya mpya: baada ya sherehe hutokea dirishani mwa Guildhall, jumba la baraza la mji, na kuwatupia watu vimkate vitamu, na watoto wa mji wamejipanga chini tangu mapema.